Mtungi wa lita 12 au wa lita 15 kwa wiki moja ya kuzamia Bahari ya Shamu?

Swali: Mwalimu, salaam. Mimi na mke wangu ni watu wa Mombasa, tulijifunzia kuzamia Diani na tumeshazamia Watamu na Pemba. Mwezi wa kumi tunakwenda Misri, wiki nzima kwenye boti ya kulala baharini, njia ya miamba ya Brothers, Daedalus na Elphinstone. Fomu ya boti inasema mtungi wa lita 12 umo kwenye bei, ila wa lita 15 unalipiwa zaidi. Mimi nina kilo 95 na kila mara ndiye ninayeishiwa hewa kwanza. Mbizi yetu ya mwisho ilikuwa ya dakika 32, wastani wa mita 16. Tulishuka wote na bar 200, mimi nikatoka na 40, mke wangu na 95. Nilipie huo mkubwa? Yeye achukue upi? Na mgongo wangu si mzuri sana, nahofia uzito.

Jibu: Ndugu yangu, lipia wa lita 15 kwa ajili yako, na shemeji abaki na ule uliomo kwenye bei. Mngekuwa mnakwenda kwenye miamba ya maji mafupi ningekwambia pesa hizo zihifadhi. Lakini Brothers na Daedalus ni miamba iliyosimama peke yake katikati ya bahari, kuta zake zinateremka mpaka kusikofikika, na vitu mnavyovifuata huko, hasa papa pingusi, mara nyingi hupita kwenye mita 25 hadi 35. Kwenye kina hicho, kwa mwili wako na mapafu yako, mtungi wa kawaida unakuacha na dakika chache mno.

Umefanya vizuri kuleta namba, kwa sababu nazo tunaweza kupiga hesabu badala ya kukisia.

Tuanze na mitungi yenyewe. Huo unaoitwa wa lita 12 kwenye boti nyingi za Misri ni mtungi uleule wa alumini uliouzoea Diani. Ujazo wake wa ndani haufiki lita 12, ni lita 11.1, na presha yake ya kazi ni bar 207. Ukitazama begani mwake mara nyingi utakuta pamegongwa 3AL3000 na S80. Hiyo 3000 ni presha kwa kipimo cha Kimarekani, ndiyo hiyohiyo bar 207. Ukijazwa mpaka bar 200 unabeba takriban lita 2,220 za hewa. Baadhi ya boti zina mitungi ya chuma ya lita 12 kamili, ambayo kwa bar 200 inakupa lita 2,400. Wa lita 15 mara nyingi ni wa chuma, na kwa bar hizohizo unakupa lita 3,000. Kati ya mtungi wako wa Diani na huo mkubwa pana tofauti ya lita 780, zaidi ya theluthi moja ya hewa uliyoizoea.

Sasa matumizi yako. Ulitumia bar 160. Zidisha kwa 11.1 upate lita 1,776. Gawa kwa dakika 32, unapata lita 55.5 kwa dakika. Kwenye mita 16 presha inayokuzunguka ni bar 2.6, kwa hiyo gawa tena kwa 2.6: unavuta lita 21 kwa dakika kwa kipimo cha juu ya maji. Shemeji alitumia bar 105, na kwa hesabu hiyohiyo anavuta lita 14. Usione haya kwa namba yako. Lori halinywi mafuta sawa na pikipiki, na mtu wa kilo 95 mwenye misuli ya kulisha hawezi kuvuta sawa na mtu mdogo. Usijaribu kubana pumzi ili ulingane naye. Anayebana pumzi hukusanya kaboni dioksidi, kichwa kinamuuma mpaka usiku, na akishtuka kidogo tu anaanza kuhema kwa pupa na kumaliza zaidi ya alichokiokoa.

Tuzipeleke namba hizo kwenye mbizi ya wastani wa mita 18, ambayo ni ya kawaida kabisa kwa njia yenu, tukiacha bar 50 za kutokea. Wewe na mtungi wa alumini utapata dakika 28. Na mtungi wa lita 15 utapata dakika 38. Shemeji na mtungi wake wa alumini atapata dakika 42. Tazama hapo: ukichukua mkubwa na yeye akabaki na wa kawaida, mnakaribia kumaliza pamoja. Mkichukua wote wa kawaida, yeye kila siku atapandishwa juu na dakika 14 ambazo hakuzitumia, mbizi tatu au nne kwa siku, wiki nzima. Mkichukua wote wa lita 15, amelipia hewa ambayo hataivuta na amebeba chuma asichokihitaji. Wawili wanaozama pamoja hupanda pamoja, na anayeishiwa kwanza ndiye anayeamua. Kwa hiyo mtungi wako mkubwa utamfaa shemeji kuliko utakavyokufaa wewe.

Wengi wakishafika hapo wanafunga daftari. Mimi naona sababu kubwa zaidi ya kulipia huo mtungi ni akiba ya dharura, na hapa nakuomba usome polepole.

Tumefundishwa kurudi juu na bar 50, na wewe ulirudi na 40, jambo ambalo sitaki ulirudie Misri. Lakini bar ni presha tu. Haikwambii una lita ngapi. Bar 50 kwenye mtungi wa alumini ni lita 555, kwenye mtungi wa lita 15 ni lita 750. Sasa jiulize: shemeji akipatwa na tatizo la regulata, kile kifaa cha kupumulia, mkiwa mita 30, na mnapanda nyote kwa mtungi wako, mnahitaji lita ngapi?

Chukulia kila mmoja anahema lita 30 kwa dakika kwa ajili ya hofu, jumla 60. Dakika moja ya kutulia na kupeana regulata kwenye mita 30, penye bar 4, inakula lita 240. Kupanda mpaka mita 5 kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika kunachukua kama dakika tatu, na kwa wastani wa kina hicho cha njiani zinakwenda lita 495. Kusimama dakika tatu kwenye mita 5 kwa usalama ni lita 270. Kumalizia mpaka juu, dakika moja, ni lita 75. Jumla ni lita 1,080.

Kwenye mtungi wako wa Diani hizo ni bar 97. Kwenye wa lita 15 ni bar 72. Yaani na mtungi wa alumini, ukiwa mita 30, geji ikifika 100 mbizi ya kina imekwisha, uanze kupanda, hata kama papa ndiyo kwanza wanatokea. Wanaongoja mpaka 70 kwenye mtungi huo wanategemea bahati ya kwamba hakuna litakaloharibika, na ni wengi kuliko wanavyodhani wenyewe.

Ukiitoa akiba hiyo ya lita 1,080 kwenye hewa yako, angalia kinachobaki cha kukaa mita 30, ambako wewe unatumia lita 84 kwa dakika. Mtungi wa alumini unakupa dakika 13 na nusu, ukijumlisha na za kushuka. Wa lita 15 unakupa karibu 23. Dakika 13 ukiwa umekodi boti kutoka mbali hivyo ni chache. Tena hizo ni za maji yaliyotulia. Kwenye ncha za Daedalus mkondo huweza kuwa mkali, na mtu anayepiga mapezi dhidi yake huvuta 30 au zaidi badala ya 21.

Katika hizo 23, hata hivyo, lipo onyo. Kwa hewa ya kawaida, majedwali ya PADI, shirika la kufundisha uzamiaji, yanakuruhusu dakika 20 tu kwenye mita 30, na hiyo ni mbizi ya kwanza kabla naitrojeni haijajikusanya mwilini. Mpaka leo, Diani na Watamu, geji yako ya hewa imekuwa ikikupandisha kabla kompyuta ya kuzamia, inayokuhesabia muda wa kukaa chini, haijalalamika. Na mtungi wa lita 15 mambo yanageuka: hewa itakuwepo, lakini muda wa kukaa chini bila kulazimika kusimama njiani utakuwa umekwisha. Siku ya tatu na ya nne, mwili ukiwa umebeba mabaki ya mbizi zilizotangulia, muda huo unapungua zaidi. Kwa hiyo zoea kuitazama kompyuta kwanza, kisha geji. Boti itakuwa saa kadhaa za mwendo kutoka bara, na chumba cha tiba ya presha kiko bara.

Hapa ndipo naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, inapoingia. Kama hamjasoma kozi yake, isomeni kabla ya kuondoka, ni fupi. Mchanganyiko wa asilimia 32 ya oksijeni unapunguza naitrojeni mnayobeba na kuurefusha muda huo, na ndio unaoufanya mtungi mkubwa uwe na maana. Mkikumbuka kwamba una kikomo chake: kwa kiwango cha kawaida cha presha ya oksijeni cha bar 1.4, msishuke zaidi ya mita 33 nao. Kila mtungi upimeni wenyewe, muandike asilimia na kina juu yake. Mtungi uliopimwa na mtu mwingine usiuvae. Na msisahau kwamba naitroksi haipunguzi lita unazovuta. Nimesikia wazamiaji wazoefu kabisa wakilichanganya hilo.

Kuna viongozi wa mbizi watakaokuambia usilipie mtungi, unyonye tu kwenye regulata ya akiba ya shemeji dakika kumi za mwanzo ili hewa zenu zilingane. Silipendi jambo hilo kabisa kwenye kuta hizo. Mtafungana kwa mpira wa mita moja katika mkondo, na hewa yake ndiyo akiba yako ya dharura. Ukiila mapema kwa kupanga, siku ya dharura haipo.

Sasa uzito na mgongo wako. Mtungi wa alumini ukikaribia kuisha unaelea, unakuvuta juu kwa kama kilo mbili, na ndiyo maana Diani umezoea kubeba risasi, vile vipande vya uzito vya mkandani, za kuufidia. Wa chuma wa lita 15 ukiisha haukuvuti juu hivyo. Toa kilo mbili za risasi kama mwanzo, pengine hata tatu. Kwa upande mwingine, Bahari ya Shamu ina chumvi nyingi kuliko ya kwetu, gramu 40 hivi kwa kilo ya maji badala ya 35, na kwa mtu wa mwili wako na vifaa vyake hilo linadai kama nusu kilo zaidi. Ukivaa suti ya milimita 5 badala ya ile ya 3, nayo inadai zake. Ndiyo maana sikupi namba ya mwisho. Siku ya kwanza boti hufanya mbizi ya kujipima kwenye maji tulivu. Itumie vizuri: mwisho wa mbizi, mtungi ukiwa na bar 50, jaketi la kuelea likiwa halina hewa, jaribu kutulia kwenye mita 5 bila kupiga mapezi. Ukizama, toa kilo. Ukielea, ongeza. Hesabu pia kwamba hewa yenyewe ina uzito: kutoka bar 200 hadi 50 kwenye mtungi wa lita 15 unapoteza kilo 2.7, wakati kwenye wa alumini ni kilo 2. Mwanzo wa mbizi utajisikia mzito kuliko ulivyozoea, na hiyo ni sawa.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu Brothers na Daedalus mara nyingi mtashushwa kutoka boti ya mpira, na kwa ajili ya mkondo mtaambiwa muingie jaketi likiwa tupu na mshuke moja kwa moja. Mtu aliyejaza risasi za Diani juu ya mtungi wa chuma, akaruka hivyo juu ya ukuta usio na sakafu ya karibu, atapita mita 30 kabla hajakigusa kitufe cha kujazia jaketi.

Nchi kavu, mtungi huo ukiwa umejaa hupita kilo 20. Lakini boti za namna hii zina faida moja: mtungi wako hauhamishwi. Unafungwa mahali pako kwenye benchi siku ya kwanza, na mpira wa kompresa ndio unaoufuata baada ya kila mbizi. Unakaa, unavaa, mabaharia wanakusaidia kusimama, unatembea hatua chache. Kuvaa ukiwa umekaa, wasikuvishe ukiwa umeinama. Kurudi kwenye boti ya mpira, toa mkanda wa risasi, kisha jaketi na mtungi ukiwa bado majini, uwape juu, ndipo upande wewe. Waambie tangu siku ya kwanza kwamba mgongo wako una historia, hawatakuona mvivu. Mizigo ya namna hiyo ni kazi yao ya kila siku.

Mtungi wa lita 15 ni mnene pia, kipenyo chake kama sentimeta 20 wakati wa alumini ni 18 na kitu. Mkanda wa jaketi uliokazwa kwa mtungi wa Diani hautaupokea mpaka uulegeze na kuupitisha upya kwenye kishikizo. Ulowesheni mkanda kabla ya kuukaza, kisha ushike jaketi na kulitikisa. Likicheza, kaza tena.

Jambo la presha sitalirefusha, lakini lijue. Mitungi ikijazwa haraka hupata moto. Ukisoma bar 200 ukiwa na nyuzi 50, ukizama kwenye maji ya nyuzi 28 utakuta karibu 186, na hakuna aliyekuibia. Pima mwenyewe kabla ya kila mbizi, baada ya mtungi kupoa. Chini ya 190 ukiwa umepoa, omba uongezwe. Hesabu zangu zote hapo juu zimeanzia 200.

Leo hii waandikieni wenye boti, msingoje mwezi wa kumi. Waulizeni kama mitungi ya lita 15 ni ya chuma au ya alumini, kwa sababu hesabu ya risasi inageuka. Waulizeni kama naitroksi inajazwa kwenye hiyo mikubwa pia na kama inalipiwa. Waulizeni vali zao zinapokea regulata ya kufunga kwa fremu kama yenu, au ni zile za kuskurubu ndani zinazohitaji kipande cha kati. Bebeni oringi za akiba, zile pete za mpira za kuzibia hewa, kwa vyovyote. Kisha waombe waandike kwamba mtungi mmoja wa lita 15 umewekwa kwa jina lako, maana kila boti ina michache tu na wanaopanda na miili kama yako ni wengi. Na mhesabu mbizi zenu kwenye daftari: kwa hifadhi hizo za mbali Misri inadai kila mmoja awe na angalau 50 zilizoandikwa.

Ikiwa mtafika mkaambiwa mikubwa imekwisha, msiharibu safari kwa ugomvi. Chukua wa kawaida, mkae mita 20 mnapoweza. Hapo akiba ya kupanda wawili inashuka mpaka lita 800 hivi, bar 72 kwenye mtungi wa alumini, na wewe unapata dakika 22 za kina hicho kabla ya kuanza kupanda polepole kando ya ukuta, ambako matumbawe na samaki wengi wapo kati ya mita 15 na 5. Siku mtakayoamua kushuka 30, mkubaliane na shemeji kabla ya kuruka kwamba wewe ukionyesha ishara ya bar 100, mnageuka wote wawili.